Siku Nne za Kumzika Mama, Hakuna Siku ya Kumuuguza

Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sheria Na. 6 ya mwaka 2004, ni kifupi, na wengi wa Watanzania walioajiriwa hawajawahi kukisoma, ingawa kitawagusa siku ambayo hawatakuwa na nguvu ya kusoma chochote. Kinampa mwajiriwa angalau siku 4 za likizo yenye malipo endapo mtoto wake ataugua au kufariki dunia, au endapo atafiwa na mwenzi wake wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Orodha inaishia hapo. Tena siku hizo 4 ndizo jumla yake katika mzunguko mzima wa likizo, msiba uwe mmoja au iwe mitatu. Zikihitajika zaidi, mwajiri anaweza kuruhusu, lakini bila malipo. Nimefanya kazi ya utumishi katika kampuni binafsi jijini Dar es Salaam kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo, ambayo haitajwi kwenye tangazo lolote la nafasi ya kazi, ni kusimama kati ya orodha ile na mtu aliyefiwa.

Ninachokihoji hapa si sheria peke yake. Orodha ile imebeba majibu ya maswali mawili ambayo hakuna aliyetuuliza: ndugu wa kweli ni nani, na wajibu kwa ndugu huyo unachukua muda gani. Lakini na sisi tunaoilalamikia tuna majibu yetu tuliyorithi bila kuyapima, kwamba familia ya Kiafrika ni pana kwa asili yake, kwamba muda wetu hauhesabiwi kama wa Wazungu, na kwamba watu wetu hawaachani wakati wa shida. Majibu ya pande zote mbili yamepita mezani kwangu, faili moja baada ya jingine, na nimefika mahali pa kuamini kwamba sheria na desturi, pamoja na ugomvi wao wote, zinakosea mahali pamoja: zinamtambua ndugu akishakufa.

Nianze na baba, kwa kuwa ndipo malalamiko mengi yanapoanzia. Ofisi nyingi za mjini zina hadithi ya mfanyakazi aliyezika baba watatu. Husimuliwa kwa kicheko, na msimulizi huwa na hakika kwamba mfanyakazi yule alikuwa anatafuta siku za kupumzika. Faili la namna hiyo liliwahi kuletwa kwangu na mkuu wa idara: dereva wetu, mtu mzima na mtulivu, alikuwa ameandika "baba" kwenye fomu ya ruhusa, wakati kumbukumbu za nyuma zilionyesha kwamba baba yake alikwisha kuzikwa. Nilimwita. Hakukasirika. Aliniambia, "Mama, yule wa kwanza alinizaa, akafariki nikiwa darasa la pili. Huyu ni mdogo wake. Ndiye aliyenilea, akauza ng'ombe nikasoma, akasimama siku nilipooa. Kama fomu ingekuwa na nafasi moja tu, huyu ndiye ningemwandika."

Sheria haimjui mtu huyo. Baba mdogo hayumo katika kifungu cha 34, wala baba mkubwa, mama mkubwa, mama mdogo, shangazi, mjomba, mama wa kambo, mkwe au shemeji. Dereva hakudanganya, alijibu kama watu wake wanavyojibu, na fomu ikamfanya mwongo. Orodha hiyo inafanana sana na ile ya sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1997 kuhusu masharti ya msingi ya ajira, ambayo nayo inataja mwenzi, mzazi, babu na bibi, mtoto, mjukuu na ndugu wa kuzaliwa pamoja, ila yenyewe inamtaja waziwazi pia mzazi na mtoto wa kuasili. Nchi mbili zenye shangazi na wajomba wengi kiasi hicho ziliiandika familia kama mstari ulionyooka, babu juu na mjukuu chini, na pembeni hakuna mtu isipokuwa kaka na dada.

Kwa watu wa umri fulani pengo hilo ni maisha yao yenyewe. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata, kabla dawa za kufubaza virusi hazijawafikia watu wa kawaida, kulikuwa na vijiji vya Kagera ambako nyumba nyingi zilibaki na watoto na wazee. Watoto hao walilelewa na bibi, na bibi alipochoka au kufariki, walichukuliwa na mama mdogo wa Mwanza, na baba mkubwa wa Biharamulo, au na jirani tu. Leo ni watu wazima wa miaka thelathini, arobaini na zaidi; ni wahasibu, walinzi, wauguzi na walimu. Ukiwaambia kwamba sheria inawapa siku 4 za kumzika mzazi, unawazungumzia mtu waliyemzika zamani, wakiwa wadogo mno kuelewa kilichotokea. Mzazi wao wa pili, ambaye bado yu hai na anazeeka, hana mstari kwenye fomu.

Hata hivyo sitaki kuishia kusema kwamba sheria ni ya kigeni na familia ya Kiafrika ni pana, kwa sababu kauli hiyo nayo inaficha mengi. Ni ipi hiyo familia ya Kiafrika? Katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, ukoo hufuata upande wa mama, na kwa desturi ardhi ya ukoo pamoja na kauli ya mwisho katika mambo makubwa ya mpwa vilikuwa mikononi mwa mjomba. Kwa Mluguru aliyelelewa hivyo, kufiwa na mjomba ni msiba ambao sheria haiupi hata saa moja. Wamakonde, Wamwera na Wayao wa kusini nao wana mapokeo ya ukoo wa mama. Kwa Wakurya wa Tarime, mwanamke mwenye umri ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kumwoa mwanamke mwingine kwa mahari, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Desturi hiyo huitwa nyumba ntobhu, na mtoto wake akiajiriwa, sijui atamwandika wapi mwanamke aliyemlipia mama yake ng'ombe. Katika nyumba za mawe za Lamu, familia za waungwana zilimtengea binti sehemu ya nyumba anapoolewa, naye mume ndiye aliyehamia kwake. Na kwa Wanyakyusa wa Rungwe, kabla utaratibu huo haujafifia katika karne ya 20, wavulana wa umri wa miaka kama 10 walitoka katika maboma ya baba zao wakajenga makazi pamoja na wenzao wa rika, wakaendelea kuishi pamoja hata baada ya kuoa. Mnyakyusa wa enzi zile angeshangaa kusikia kwamba kijana kukaa na wazazi wake hadi aoe ni utamaduni wa Mwafrika.

Kwa hiyo anayesema "sisi Waafrika familia yetu ni hivi" mara nyingi anazungumzia kijiji cha babu yake, na mara nyingine anazungumzia picha aliyoipata shuleni. Sensa ya watu na makazi ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, na wastani wa watu katika kaya moja ulikuwa 4.3. Nyumba ya watu wanne si familia pana. Makarani wa sensa waliuliza nani alilala katika kaya usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa, na kwa swali hilo walipata jibu sahihi. Lakini wangeuliza nani atakuja kulala hapa mkifiwa kesho, wangepata hesabu nyingine kabisa. Upana wa familia zetu haumo ndani ya nyumba. Umo katika siku ambazo watu wanapeana: siku za msiba, za harusi, za kumpokea mzazi aliyejifungua, za kumsindikiza mgonjwa. Ndiyo maana siwezi kuzungumza kuhusu familia bila kuzungumza kuhusu muda. Mjomba ambaye hujawahi kumpa siku yako hata moja ni mtu mnayefanana jina la ukoo.

Hapo ndipo dhana ya pili inapoingia, ile inayosema kwamba muda wetu ni wa polepole na hauna hesabu. Imesemwa na wageni, na imesemwa pia na wasomi wetu kwa heshima kubwa. Mwaka 1969 mwanateolojia wa Kenya John Mbiti, mzaliwa wa Ukambani, alitoa hoja iliyojadiliwa sana vyuoni, kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una sehemu mbili, sasa na zamani, na kwamba mbele ya mbali karibu hakuna kitu, kwa kuwa yaliyo huko hayajatokea. Wasomi wengine walimpinga, akiwemo mwanafalsafa wa Ghana Kwame Gyekye, aliyetoa mifano kutoka kwa Waakan. Mimi nafikiria hoja hiyo kila ninapoletewa ombi la ruhusa la mjane wa Kiislamu. Eda yake ni miezi minne na siku kumi, na anaijua tarehe itakayoisha tangu wiki ya kwanza. Familia inahesabu siku ya tatu kwa ajili ya hitima na inahesabu arobaini. Anayefariki Alhamisi baada ya Magharibi, kwa hesabu ya pwani amefariki usiku wa Ijumaa, wakati ofisi yangu inaanza kuhesabu saa sita ya usiku. Nimeshuhudia ruhusa ikigombaniwa kwa sababu ya saa hizo chache. Hata ukarimu tuliupimia siku: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" ni methali ambayo Julius Nyerere aliinukuu mwaka 1962 alipokuwa anaeleza kwamba katika ujamaa wa jadi kila mtu alifanya kazi. Watu wanaosema hivyo wanahesabu vizuri sana. Kinachotofautiana ni wanachokihesabu na mahali wanapoanzia.

Zipime basi siku 4 za sheria kwa hesabu hiyo. Kwa Mwislamu wa Temeke anayemzika baba yake Kinondoni, siku 4 zinatosha na kubaki, kwa kuwa maziko hayacheleweshwi na siku ya tatu dua inasomwa. Kwa Mhaya anayeusafirisha mwili kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba, zaidi ya kilomita 1,300, siku ya kwanza huishia kwenye kikao cha familia na mochwari, ya pili na sehemu ya tatu huishia barabarani, ya nne ni maziko, na bado hajamaliza matanga wala hajapanda basi la kurudi. Sheria imewatendea wote wawili sawa. Mjane je? Eda ni takribani siku 130, na likizo ya mwaka kwa sheria yetu ni siku 28. Wanazuoni wengi wanamruhusu mjane kutoka mchana kwa haja, na kazi ni haja, kwa hiyo wengi hurejea kazini wakiwa ndani ya eda. Ninachoomba kwa wakuu wa idara ni kwamba asipangiwe zamu ya usiku wala safari ya mkoani katika miezi hiyo. Hilo halihitaji fedha, linahitaji mtu anayejua kwamba miezi hiyo ipo.

Sasa geuza ukurasa uitazame sheria hiyohiyo inavyomtazama mtoto anayezaliwa, kwa kuwa hapo mambo yanapinduka. Kifungu cha 33 kinampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na kinakataza afanye kazi ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua isipokuwa daktari athibitishe kwamba anaweza. Wiki 6 ni siku 42, na arobaini ya bibi zetu imekaa jirani kabisa na hesabu ya madaktari. Baba anapewa siku 3. Uganda kwa sheria ya mwaka 2006 ilimpa siku 4 za kazi. Kenya kwa sheria ya mwaka 2007 ilimpa wiki 2. Nimejiuliza mara nyingi mtunga sheria wetu alimfikiria nani atakayekuwa na mama na kichanga siku ya nne, baba anaporudi kazini, na jibu liko wazi: alimfikiria bibi. Alimfikiria mama mzazi wa mke amefika kutoka kijijini na kanga zake, na wifi jikoni anapika uji. Kwa maneno mengine, mtunga sheria aliyeandika kwamba shangazi si ndugu wa kukupa ruhusa anapokufa, ndiye huyohuyo aliyemtegemea shangazi kuja kukulelea mtoto bila malipo. Familia ni pana inapotoa muda wake, na inakuwa finyu inapouomba.

Hili linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu ninafanya kazi na vijana wanaoishi chumba kimoja Mbagala au Gongo la Mboto, ambao mama zao wamefariki, au wako Kigoma na wana mashamba yao na wagonjwa wao. Siku ya nne, kijana yupo kazini na mkewe yuko peke yake na mshono.

Kuna mstari mwingine katika kifungu cha 34 ambao nimeusoma mara nyingi nikitumaini kwamba nimeusoma vibaya. Ugonjwa umetajwa kwa mtoto peke yake. Kwa mwenzi, mzazi na wengine, kinachotajwa ni kifo. Maana yake ni kwamba sheria inamlipa mtu akamzike mama yake, haimlipi akamuuguze. Mhasibu mmoja tuliyefanya naye kazi alikuwa anampeleka mama yake kwenye matibabu ya saratani Ocean Road. Alianza kwa kuomba asubuhi moja moja, akamaliza likizo yake ya mwaka kidogo kidogo, akaingia katika ruhusa isiyo na malipo, na miezi ya mwisho alikuwa anakuja kazini akiwa amelala kwenye kiti cha wodini. Mama alipofariki, kila kitu kilifunguka. Kampuni ilitoa rambirambi na gari, wafanyakazi wakachanga, mkurugenzi akasafiri hadi kijijini akazungumza makaburini. Nilisimama pale nikiwatazama watu wote wale, wema kabisa, waliokuja kwa hiari yao, na nikafikiri kuhusu asubuhi alizoomba.

Na hapa siwezi kuilaumu sheria peke yake, kwa kuwa ndivyo tulivyo hata nje ya ofisi. Kundi la WhatsApp la ukoo linaweza kukaa kimya mwezi mzima wakati mtu anaomba nauli ya kumpeleka mgonjwa kliniki, kisha tangazo la kifo likaja na michango ikamiminika kabla ya jioni: jeneza, turubai, viti, mapambo, basi la waombolezaji. Asiyefika msibani huulizwa na hata kutengwa, lakini asiyefika hospitalini haulizwi. Tumeweka adhabu upande wa kifo na kuuacha upande wa uhai bila mlinzi, kisha tunaita jambo hilo mshikamano. Wakati huohuo wodi zetu zinategemea ndugu kwa mambo ambayo kwingine ni kazi ya mwajiriwa wa hospitali, yaani kumlisha mgonjwa, kumfulia, kumgeuza kitandani, kukimbilia duka la dawa. Hospitali inadhani kila mgonjwa ana ndugu asiye na kazi. Mwajiri anadhani kila mfanyakazi ana ndugu wa kumwachia mgonjwa. Mara nyingi ndugu huyo wa dhana zote mbili ni mtu mmoja, naye ni msichana wa miaka kumi na kitu aliyeachishwa shule, au dada wa mwisho ambaye ndoa yake imesogezwa mbele mpaka watu wakaacha kuizungumzia. Hayumo katika fomu ya mtu yeyote, na akija mjini kutafuta kazi baadaye, tunamuuliza kwa nini ana pengo la miaka mitano.

Ninajua pia kwamba wapo wanaoipenda orodha fupi, na sababu zao nazichukulia kwa uzito. Kijana aliyelelewa vibaya na baba yake mkubwa hataki kulazimishwa kwenda kulala matangani kwake. Mwanamke aliyeolewa ugenini, anayetarajiwa kupika katika kila shughuli ya upande wa mume, amewahi kuniambia kwamba maneno "ofisi imekataa" ndiyo pumziko pekee alilonalo. Wanawake kwa jumla hulipa muda mwingi zaidi; mwanamume hufika, huchimba, huzika na kurudi, wakati mwanamke hubaki na masufuria na wageni mpaka mkeka wa mwisho ukunjwe, na ruhusa yao kwenye karatasi ni siku zilezile 4. Kwa hiyo kurefusha orodha ili kila jina la ukoo liingie kungewapa baadhi ya watu nafuu na kuwaondolea wengine kinga yao. Sidhani kwamba orodha ndefu zaidi ndiyo dawa.

Ninachokitaka ni kipimo kingine, na sheria zetu zenyewe zinakijua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, katika hali iliyowafanya wajulikane kama mume na mke, kutakuwa na dhana kwamba wameoana kihalali, dhana inayoweza kukanushwa kwa ushahidi. Kwa mke na mume, basi, tulikwisha kukubali zaidi ya nusu karne iliyopita kwamba kuishi pamoja kwa muda kunaweza kuwafanya watu wawe familia. Kwa nini tusikubali kwa mlezi na aliyelelewa? Uingereza, ambayo tunaizoea kuitaja kama nchi ya familia finyu, ina sheria ya haki za ajira ya mwaka 1996 inayompa mfanyakazi ruhusa ya kumshughulikia anayemtegemea, na kati ya wanaotegemea inamhesabu mtu wa nyumba moja naye asiye mpangaji, na kwa baadhi ya mambo yeyote ambaye kwa haki anamtegemea mfanyakazi huyo. Ruhusa hiyo haina malipo ya lazima, na hilo ni udhaifu mkubwa. Lakini inaelezwa kwa kipimo cha utegemezi, hata pasipo damu, na inahusu ugonjwa pia.

Katika kampuni yetu tulianza kidogo, kwa kuwa sheria inasema "angalau" na neno hilo linamruhusu mwajiri kwenda mbele. Mfanyakazi anapoajiriwa, na kila mwanzo wa mwaka, anaandika majina ya watu wachache ambao kwake ni familia, pamoja na sababu fupi: alinilea, ninamlea, tunaishi pamoja, alinisomesha. Akifiwa na mmoja wao anapata siku zilezile ambazo angepata kwa mzazi. Wahusika wa fedha waliogopa kwamba watu watazika kila wiki. Haikuwa hivyo. Watu wengi waliandika majina machache kuliko nafasi zilizokuwepo, na wengine walikaa na karatasi siku kadhaa kabla ya kuirudisha. Mlinzi mmoja aliandika jina la mama muuza vitumbua aliyempa pa kulala alipofika mjini. Mtu mwingine hakumwandika baba yake mzazi, akaniomba nisimuulize, nami sikumuuliza. Binti wa Kiluguru aliniuliza kama wajomba wote wanaweza kuhesabiwa mtu mmoja. Nilimwambia achague, akasema huko kwao hakuna anayechagua, na bado sina jibu la kumridhisha. Lipo pia tatizo la siri, kwa kuwa karatasi hiyo inaonyesha nani hakutajwa, na imebidi tuifungie mahali ambapo mkuu wa idara hafiki.

Uongozi ulikubali karatasi hiyo kwa ajili ya misiba, ukaikataa kwa ajili ya ugonjwa. Sababu niliyopewa ni kwamba msiba una mwisho unaojulikana, lakini ugonjwa haujulikani utaisha lini, na kampuni haiwezi kupanga zamu kwa jambo lisilo na tarehe. Ninaielewa hofu hiyo, ila haiendani na maisha ya wagonjwa wengi ninaowaona. Mgonjwa wa saratani ana ratiba ya mionzi, wa kisukari na shinikizo la damu ana kadi ya kliniki yenye tarehe, wa figo anasafishwa damu siku zinazofahamika za wiki. Wanaowapeleka hawahitaji mwezi. Wanahitaji asubuhi, na wanahitaji ijulikane mapema kwamba asubuhi hiyo ni yao. Kifungu cha 33 tayari kinamruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa 2 za muda wa kazi kila siku kwa ajili hiyo, na hakuna kiwanda nilichokisikia kimefungwa kwa sababu yake. Pendekezo nililoliandika kwa bajeti ijayo linafuata mfano huo: kila mfanyakazi awe na akiba ya saa zenye malipo kwa mwaka, azitumie kwa mtu yeyote aliyemwandika kwenye karatasi yake, kwa kuonyesha kadi ya kliniki. Nimeambatanisha pia ombi la kuongeza siku 3 za baba mwenye mtoto mchanga ziwe 14, kama za Kenya. Nimeombwa nipunguze moja kati ya hayo mawili ili jingine lipite, na nimejibu kwamba siwezi.